Umekwenda Kisimani Mara Ngapi?

Wenzangu niliowaacha kazini, mnanijua. Nikisema foleni ya kliniki ilikuwa ndefu, basi mtu wa mwisho alikuwa amesimama mpakani na Iringa. Nikisema mizani yetu ilikuwa ya zamani, basi mkoloni aliikuta tayari ina kutu. Nimetia chumvi maisha yangu yote na presha yangu iko sawa. Ila kuna mahali pamoja ambapo chumvi haiongezwi hata chembe, napo ni kwenye maji ya mtoto anayeharisha. Kwa hiyo mkisoma humu mkaona mzaha umekatika ghafla, mjue nimefika hapo.

Sikupita njia mliyopita nyinyi. Niliishia darasa la saba, nikaenda Kizota, Dodoma mjini, kujifunza kuchomelea mageti. Geti langu la kwanza lilimwangukia mbuzi wa jirani. Mbuzi alipona, ajira yangu haikupona. Nikaanza kusoma jioni pale Makole, kwenye darasa la kuazima, madawati ya watoto wa darasa la pili, watu wazima tumekunja magoti hadi yanagusa kidevu. Huko ndiko mwalimu wa baiolojia alikuja na viazi mviringo viwili. Kimoja akakitumbukiza kwenye maji yenye chumvi kali, kingine kwenye maji matupu. Kesho yake kile cha chumvi kilikuwa kimelegea kama sikio la ng'ombe. Akasema, maji huifuata chumvi iliko. Ikizidi nje ya kiazi, maji yanatoka ndani ya kiazi. Vyeti nilivyopata baadaye sikumbuki hata vimeandikwa nini, lakini kiazi kile nimetembea nacho miaka yote. Mama akiongeza chumvi kwenye maji ya mtoto ili dawa iwe na nguvu, nakiona kile kiazi.

Nilipopata kazi ya mhudumu wa afya nilipelekwa kwenye zahanati ambayo ukitoka Kibakwe unaiacha milima nyuma, unashuka kwenye tambarare. Masika kule kuna mto. Kiangazi kuna mchanga tu, na kisima ni shimo ambalo wanawake wanalichimba kwa bakuli kwenye mchanga huo, kisha wanakaa wanangoja maji yachuruzike. Hapo sitii chumvi. Ndoo moja ilikuwa inakula zaidi ya saa nzima.

Tulikuwa watatu. Mganga mfawidhi, ambaye watu wote walimwita Daktari na mimi nitamwita hivyo hivyo, mtu mpole aliyeuliza kila kitu kwa utaratibu aliofundishwa. Muuguzi, Sista Loyce, mama wa Kigogo mwenye sauti ndogo na mkono ambao ungeweza kupata mshipa kwenye jiwe. Na mimi. Siku ya kwanza Sista Loyce aliniuliza nimetoka kazi gani, nikasema kuchomelea, na tangu hapo jina langu likawa Fundi. Akafungua kabati, akanipa kijiko cha chai. Nikashukuru, nikauliza chai iko wapi.

"Hicho ndicho chombo chako cha kazi, Fundi," akasema. "Chai utajijua."

Alinipeleka kwenye kona iliyokuwa nyuma ya chumba cha sindano. Benchi, ndoo yenye mfuniko, vikombe, na chupa ya lita moja iliyopigwa mstari kwa kucha. Pale ndipo mtoto anayeharisha alikuwa anakaa na mama yake na kunyweshwa maji ya ORS, ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. Akitapika, unasubiri kama dakika kumi, unaanza tena polepole zaidi. Mama haachi kunyonyesha, tena ananyonyesha zaidi. Basi. Hakuna mashine inayolia, hakuna anayekupigia makofi. Wazazi walikuwa wanakidharau kile kijiko. Walitaka dripu, kwa sababu dripu inaning'inia na kila anayepita dirishani anaiona. Niliwahi kumwambia baba mmoja kwamba kijiko hiki kimeokoa watu wengi kuliko jeshi, akaniangalia, akauliza kama hiyo dripu iko Mpwapwa.

Jambo la chupa lizingatieni mpaka leo. Pakiti moja ni ya lita moja. Sasa chupa za maji zilizojaa madukani nyingi ni lita moja na nusu, na mama anaijaza yote kwa nia njema, na maji yanakuwa mepesi. Mwingine anachanganya pakiti nzima kwenye kikombe, na hapo kiazi changu kinalegea. Usimwambie tu mama lita moja. Mwambie akuonyeshe chombo atakachotumia nyumbani, ukipigie mstari.

Sista Loyce alinifundisha pia kuangalia. Macho yameingia ndani? Utosi umebonyea? Akilia, machozi yanatoka? Bana ngozi ya tumbo kidogo kwa vidole, achia. Ikirudi palepale, mna muda. Ikibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, muda wenu umeshatumika. Mtoto anayegombania kikombe ana kiu na anaweza kupona mbele yako. Wa kuogopwa ni yule aliyetulia, ambaye watu wanasema leo hasumbui.

Kiangazi changu cha kwanza alikuja Yunisi.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, mzaliwa wa kwanza mgongoni, jina lake Amosi, bado hajaanza kukaa. Alikuja na mama mkwe wake, Bibi Ndahani, mwanamke mrefu aliyetembea mbele siku zote. Mume wa Yunisi alikuwa Dodoma mjini kwenye ujenzi. Alikuwa amekuja nyumbani Pasaka, akalala siku chache, akarudi kazini, na kijiji kizima kilimwona akija na kikamwona akiondoka.

Chumba cha Daktari mlango wake haukufunga. Foleni iliyokuwa nje ilikuwa inasikia magonjwa yote, na wengine walikuwa wanachangia matibabu. Daktari akauliza kama inavyotakiwa. Mtoto ana homa? Ana homa. Anakohoa? Kidogo. Anaharisha?

Nje benchi likanyamaza. Bibi Ndahani akageuza shingo akamtazama mkwe wake.

"Hapana," akasema Yunisi. "Homa tu."

Mtoto alipimwa malaria, hakuwa nayo. Alilia, na machozi yalitoka. Ngozi yake ilirudi. Akapewa dawa ya kushusha homa, mama akaambiwa arudi hali ikibadilika. Kwa kile alichoambiwa, Daktari hakukosea kitu.

Waliporudi, Amosi alikuwa hasumbui.

Sitaeleza sana. Nilimpokea mimi kutoka mgongoni, na alikuwa mwepesi kwa namna ambayo mikono yangu haikuitarajia. Macho yalikuwa nusu wazi. Ngozi ya tumbo niliibana na haikurudi. Sista Loyce, yeye wa kupata mshipa kwenye jiwe, alitafuta mikononi, akatafuta miguuni, akanyoa kichwa akatafuta hapo. Wakapitisha mpira puani, wakaanza kumpa maji kwa huo. Mimi nilitumwa kutafuta pikipiki ya kumpeleka Kibakwe. Nilipata pikipiki. Niliporudi nayo dereva akazima injini mwenyewe, kwa sababu Sista Loyce alikuwa ametoka nje amesimama, mikono haina kitu.

Ndipo Yunisi alipofungua kanga yake, na ndani yake zilikuwemo nepi, vipande vya kitenge vilivyokatwa, vibichi, vimekunjwa vizuri. Alivitandaza juu ya ukuta wa zahanati, kimoja kimoja, juani, kama mtu ambaye hana tena sababu ya kuficha.

Kwa msomaji mgeni na huku, nieleze. Mtoto mchanga akiharisha na kukonda, wengi hawaulizi amekunywa maji gani. Wanauliza wazazi wake wamefanya nini. Wanasema amebemendwa: kwamba baba na mama wamekutana kimwili kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na maziwa yameharibika. Kwa hiyo kuharisha si ugonjwa wa mtoto, ni habari ya mama. Na tiba ya kwanza inayoshauriwa ni kumwachisha lile ziwa lililoharibika, yaani kumnyang'anya mtoto anayepoteza maji kinywaji safi kuliko vyote alivyonavyo.

Tulikwenda msibani, Sista Loyce na mimi. Mimi nilikaa na wanaume, ambako tulizungumza bei ya alizeti. Yeye alikaa mkekani na wanawake, na alitoka na habari yote. Yunisi alikuwa anafua korongoni kwa siri, anaanika vichakani mbali na nyumba. Usiku wa pili Bibi aligundua, akamkataza mtoto ziwa, wakampa uji mwepesi. Na sasa pale mkekani, mbele ya mama mtu, wanawake walikuwa wanasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba aliyemuua anajulikana.

Tulirudi kwa miguu. Sista Loyce hakuwa mtu wa maneno mengi njiani, na mimi nilikuwa mtu wa maneno mengi popote, lakini siku ile sikuwa nayo. Karibu na zahanati akasimama.

"Sisi tulidhani tunamuuliza ugonjwa, Fundi," akasema. "Yeye alisikia tunamuuliza kosa. Ungekuwa wewe ungejibuje, mama mkwe kakutolea macho?"

Nikasema ningejibu homa tu.

"Basi hatuulizi tena hivyo."

Asubuhi iliyofuata akamwambia Daktari, na Daktari akasema sawa, tuulize vipi. Sista Loyce alikuwa ameshapata. Kule kwetu mwanamke yeyote ukimgusia maji anafunguka. Hakuna aibu kwenye kulalamikia maji. Ni kama mjini kulalamikia foleni ya magari. Kwa hiyo mama akiingia, baada ya salamu, unamuuliza kwa huruma ya kawaida tu: pole na kiangazi, jana umekwenda kisimani mara ngapi?

Mwenye mtoto mzima atakwambia mara moja, na kulalamika juu. Mwenye mtoto anayeharisha atakwambia mara tatu, mara nne, mgongo umekatika, na mama mkwe atamsaidia kulalamika. Maji yote yale yanakwenda wapi? Hayaendi kwenye ugali, yanafua nepi. Unaitikia pole, unambana mtoto ngozi ya tumbo, unamwelekeza mama kule nyuma kwenye benchi, kijiko kinaanza kazi. Neno lenyewe halijatajwa. Mama mkwe tulimpa shughuli nyingine, kwa kawaida kunisikiliza mimi. Niliwapigia bibi wale hadithi za Kizota mpaka yule mbuzi wa geti alifikia ukubwa wa nyati.

Swali lile lilifanya kazi. Nilikuwa nataka kusema hakupotea mtoto tena, lakini nimeahidi kutotia chumvi hapa. Walipotea. Wachache kuliko mwanzo. Kila mmoja Sista Loyce alikwenda msibani kwake, na kila mara alikaa mkekani, si kwenye kiti alicholetewa.

Mjini mlipo nyinyi hakuna kisima cha mchanga, na swali hili halitawasaidia. Nilipohamia huko baadaye nilikuwa nauliza leo mmemaliza pampasi ngapi, na mama mtumishi wa ofisini ananiambia hajui, ngoja nimpigie dada wa kazi. Basi mpigie dada wa kazi. Ninachotaka mjue ni kwamba kila mahali kuna kitu ambacho mama atakisema bila woga, na ndani yake mnapata kile anachoogopa kukisema. Kitafuteni. Na vidonge vya zinki anavyopewa mtoto anayeharisha, mwambieni mama avimalize hata kama choo kimeshakauka. Wanaacha mapema, wanavifungia kabatini, mnavikuta huko mtoto akishaanza shule.

Lakini nirudi kule, kwa sababu sijamaliza na Yunisi.

Ilipita miaka. Sista Loyce alistaafu, akarudi kwao, na mimi niliyeanza na kijiko nilikuwa nimeshasomea, ndiye muuguzi. Yunisi alikuwa amebaki kwa mume wake. Alibaki na jina pia. Wanawake walikuwa bado wanawaambia wasichana wao walioolewa, usije ukafanya kama yule. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kushika mimba, kisha akazaa mtoto wa kike, Debora.

Walikuja kiangazi, mchana, Daktari yuko safarini, foleni imejaa. Bibi Ndahani mbele, amezeeka lakini bado mrefu. Yunisi nyuma, mtoto mgongoni. Nikamwamkia Bibi shikamoo, akaitikia. Nikamwangalia mtoto kabla sijasema chochote kingine, na mtoto hakuwa anasumbua. Alikuwa anafuata kidole changu kwa macho, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kwa hiyo palikuwa na nafasi, lakini si kubwa.

Nikaanza kwa njia yetu. "Poleni na kiangazi. Jana umekwenda kisimani mara ngapi, Yunisi?"

Bibi Ndahani akacheka puani. "Fundi, hilo la kisima wajukuu zetu wote wanalijua. Ukiulizwa kisima, sema mara moja. Hata wale wa mlimani wanaambiana."

Benchi la nje likacheka, kisha likatega masikio.

Miaka yote ile tulidhani tumejenga mlango wa nyuma, kumbe watu walikuwa wameshauona na kuupa jina. Swali la Sista Loyce lilikuwa limechafuka kama lile la kwanza. Wangapi walikuwa wameniambia mara moja, na mimi nikawaamini? Sikuwa na swali lingine. Nilikuwa na mkono juu ya tumbo la mtoto, na ngozi niliyoibana ilikuwa inarudi kama haitaki.

Yunisi alikuwa anatazama nje mlangoni, kwenye ukuta. Ule ule alioanikia zile nepi za Amosi.

"Sijaenda kisimani," akasema. "Maji yaliisha jana na nguvu za kwenda sina. Mtoto anaharisha."

Hakupaza sauti. Hata hivyo nadhani walisikia mpaka kule mwisho wa foleni, Iringa.

"Anaharisha tangu juzi," akasema tena, sasa akimgeukia mama mkwe wake. "Na ananyonya, mama. Nilimficha usiku nikamnyonyesha. Huyu simwachishi. Semeni mnachotaka kusema, mlishasema."

Sikungoja Bibi Ndahani ajibu. Nilimshika Yunisi bega nikampeleka nyuma kwenye benchi, nikachanganya pakiti kwenye chupa ileile ya mstari, nikampa kijiko. Debora alitapika kile cha kwanza na cha pili. Tukasubiri. Tukaanza tena, polepole zaidi, kiasi cha kulowesha ulimi. Yunisi alimpa bila kupepesa macho. Nilikuwa nimeandaa sindano ya dripu na mpira wa puani kwenye trei, nimevifunika kwa kitambaa ili asivione, ingawa nadhani alijua viko pale. Kati ya kijiko na kijiko alimpa ziwa. Kisha ndoo ya kona ikafika chini, maana siku hiyo na sisi zahanati maji yalikuwa yanaisha, na nikageuka kumtafuta mtu wa kumtuma.

Ndoo nyingine ya zahanati haikuwepo mahali pake. Bibi Ndahani pia hakuwepo. Nikafikiri ameondoka kwa hasira, na kusema kweli nilishukuru.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Debora alipolia, kilio chembamba chenye madai, na machozi yakatoka. Baada ya muda nepi ikalowa, na safari hii ulikuwa mkojo. Nyinyi vijana mnafurahia matokeo ya mitihani. Mimi katika kazi hii sijaona jambo la kufurahiwa kuliko mkojo. Yunisi aliishika ile nepi iliyolowa kwa mikono miwili akainama juu yake, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza. Siku ya Amosi hakulia, na pale mkekani walilisema hilo pia.

Bibi Ndahani akaingia kwa mlango wa nyuma, ndoo kichwani, kanga imelowa mabegani, magoti yana mchanga. Akaitua. Nje palikuwa na ndoo nyingine mbili zimejaa, sijui aliziazima wapi. Hakuniangalia, wala hakumwangalia mkwe wake. Alimwangalia mtoto. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua ile nepi mikononi mwa Yunisi, pamoja na nyingine zilizokuwa chini ya benchi, akatoka nazo, si nyuma kulikokuwa na kichaka, bali mbele, uwanjani, mbele ya benchi lote la wanawake. Akainama, akaanza kufua.

Mwanamke mmoja alisogeza miguu yake ili maji yapite.

Sikumuuliza alikwenda kisimani mara ngapi.